Mama Gundi na Tofali la Kijapani

Mama Gundi alikuwa na desturi ya kukinusa kitabu kabla ya kukifungua. Kilicholala kwenye unyevu alikijua. Kilichosomewa jikoni alikijua. Na kile ambacho mwazimaji ameapa kwa jina la mama yake kwamba amekimaliza, kumbe hakuvuka ukurasa wa thelathini, hicho alikijua kuliko vyote. Mgongo wa kitabu haujui kusema uongo: pale msomaji alipochoka, hapo ndipo mikunjo inapoishia, na mbele yake kitabu ni kigumu kama siku kilipotoka kiwandani.

Kazi hiyo ya kushona na kubandika vitabu aliifanya miaka thelathini na minane, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, kilichotengwa na ukumbi wa wasomaji kwa makabati mawili na pazia la kijani. Alikuwa na meza ya mbao ngumu, kibanio cha chuma cha kukandamizia vitabu, sufuria ya gundi, shazia, ile sindano nene ya kushonea, uzi uliopakwa nta, na kisu cha mfupa alichorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Kisu hicho kilikuwa kimelainika kwa mikono ya watu wawili mpaka kikawa kama ulimi wa mbuzi. Hakikati kidole, ila karatasi hukiona ikakiogopa.

Wageni walipochungulia pale wakamwona na kilemba chake na vidole vyeupe kwa gundi, walidhani ni mfagizi. Aliwaacha wadhani. Hawakujua kwamba kila kitabu alichokishona alikisoma kwanza, maana, alivyosema mwenyewe, daktari hapasui mtu asiyemjua.

Sasa, Mama Gundi alikuwa na darasa la saba, na darasa lake hilo la saba lilikuwa na donda.

Mama yake alikuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa na pasi za mkaa tatu, kamba za nguo zilizopishana kama utando wa buibui, na beseni la wanga wa kugandishia kola za watu wakubwa. Mwaka wa mwisho wa shule kulikuwa na mashindano ya insha, na mshindi angepelekwa shule ya bweni kusoma mpaka mwisho. Mtoto wa dobi aliandika kurasa nne juu ya mvua. Mama yake, kwa furaha, alizichukua karatasi zile akazipiga pasi ziwe nyoofu, juu ya meza ileile ya kola. Asubuhi mtoto akakimbia nazo shuleni.

Mwalimu wa darasa alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, mrefu, mwenye sauti nene kuliko umri wake. Alimsimamisha mbele ya wenzake arobaini na watatu.

"Umeandika hapa, 'Mvua ilinyesha kama inayoisimbulia ardhi.' Kusimbulia ni nini?"

Alikuwa analijua. Bibi yake alilitumia kila siku kwa jirani aliyempa chumvi mwezi wa kwanza akawa anamkumbusha mpaka mwezi wa kumi. Lakini kujua neno nyumbani ni kitu kimoja, na kulieleza umesimama, watoto wanacheka kola yako, ni kitu kingine. Ulimi ukaganda.

"Umeona? Mtoto wa dobi ataokota wapi neno kama hili? Umeiba."

Akaandika kwa wino mwekundu, kwenye ukurasa wa kwanza, IMEIBWA. Shule ya bweni akaenda mtoto wa karani.

Nyumbani, mtoto alipoitoa ile insha kwenye mkoba, aliona kitu ambacho hakukisema kwa mtu. Ule wanga wa mezani ulikuwa umezigandisha karatasi pembezoni. Kurasa mbili za ndani zilikuwa zimenata, na zilikuwa zimenata vilevile, hazikuguswa. Mwalimu alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, akamhukumu mtu.

Hakuzibandua. Aliitia insha ile katika mkebe wa biskuti, na mkebe ukahama naye: kwa mume, kwa uzazi, kwa kuzika mume, kwa kuoza mabinti wawili. Mdogo wake alimwambia mara nyingi, "Dada, miaka hamsini! Hata deni la marehemu husamehewa."

"La marehemu, ndiyo," alijibu. "Huyu bado anakohoa."

Na kweli alikuwa anakohoa, karibu kabisa. Yule mwalimu alipanda mpaka mwalimu mkuu, akastaafu, akarudi mjini kama Mwenyekiti wa Duara la Wasomaji lililokutana maktabani kila Jumamosi alasiri. Miaka sita alipita mbele ya pazia la kijani. Hakumtambua. Mtenda husahau.

Basi ndipo lilipokuja lile Tofali.

Ilikuwa riwaya ya Kijapani, imetafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa palepale mjini, kurasa mia saba na kumi na mbili. Ilihusu fundi wa miavuli ambaye nyumba yake ilikuwa na chumba kinachoonekana Alhamisi tu. Mke wake akaingia humo kutafuta sindano, akatoka ana umri wa mama mkwe wake. Kisha paa likahamia mtaa wa pili bila ruhusa, na mashauri yote ya mji yakawa yanaamuliwa na konokono. Wasomaji walilipa jina la Tofali siku ya kwanza, kwa uzito na kwa kitu walichotamani kukifanya nalo.

Nakala tano zilifika katika boksi moja na barua ya mchapaji: mashine yake ya kukatia imekufa, tafadhali mkate wenyewe. Kwa asiyejua kazi hii: karatasi kubwa hukunjwa, ikashonwa, kisha kingo hukatwa ili kurasa ziachane. Zisipokatwa, kila majani mawili hubaki yameungana juu na ubavuni kama mfuko. Utasoma ukurasa wa kwanza, ukigeuza uko wa nne. Wa pili na wa tatu zimo ndani ya mfuko, zimelala.

Mama Gundi alizikata nakala nne kwa kisu cha mfupa, siku tatu nzima, anakata na kusoma, anakata na kusoma. Alimpenda yule fundi wa miavuli. Alimpenda kwa sababu mji mzima ulisahau mvua iliyomuua ndugu yake, yeye akaikumbuka tone kwa tone.

Ya tano alikuwa ameifikisha ukurasa wa arobaini na nane pale Mwenyekiti alipopenyeza mkono kwenye pazia.

"Nipe hicho. Mwenyekiti hawezi kusoma baada ya wanachama."

"Mwalimu, hicho bado, kurasa zake..."

"Mama, utanifundisha mimi kitabu? Wewe na gundi yako, mimi na vitabu vyangu." Akakivuta, akaenda zake.

Mama Gundi alibaki na kisu mkononi. Angeweza kumkimbilia. Angeweza kumwambia mkutubi, binti mwenye heshima aliyemwita shangazi. Akaketi, akakoroga gundi yake polepole. Si kila ukimya ni adabu.

Jumamosi ya kwanza alisikiliza nyuma ya pazia.

"Mimi nakipenda," alisema nesi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha chini. "Yule mke anapotoka chumbani mzee, mumewe akamtambua kwa kikohozi tu. Nimelia, jamani, niko zamu nimelia, mgonjwa ananipa pole."

"Ulilia usingizi," alisema karani wa posta. "Kurasa sitini mtu anatafuta sindano! Mimi ningemnunulia sindano tukalale."

"Mimi nimeelewa," alisema fundi umeme.

"Umeelewa nini?"

"Sijui. Ila nimeelewa."

Wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Mnasoma kama mnafukuzwa. Uzuri wa huyu Mjapani ni kuruka. Mtu yuko juu ya ngazi, unageuza ukurasa, yuko mazikoni anakula. Kafikaje? Hatuambiwi. Hiyo ndiyo sanaa. Mapengo!"

"Lakini Mwalimu," nesi akasema, "si anateremka ngazi, anapanda baiskeli ya jirani, anagombana na padri... yote yameelezwa."

"Dada yangu, wewe unayajaza mapengo kwa mawazo yako. Ni kawaida ya msomaji asiyezoea."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ajabu kiasi kwamba kila mtu alishuku kichwa chake kabla ya kumshuku Mwenyekiti. Karani wa posta, aliyekuwa ameisoma baiskeli ile kwa macho yake mawili, alianza kudhani aliiota.

Nyuma ya pazia Mama Gundi aliziba mdomo kwa kitambaa cha gundi. Hakukitegemea kitu kitamu namna ile. Alidhani mtu atakwama, ataona haya, atarudi kuomba kisu. Kumbe hakukwama! Alisoma nusu ya kitabu, akaruka nusu, namba za kurasa zikaruka mbele ya macho yake, naye akampongeza Mjapani.

Jumamosi nane ilikuwa hivyo. Kila mmoja akisema alichokisoma, Mwenyekiti humwambia amekiota. Fundi umeme alieleza kifo cha konokono hakimu kwa machozi, akaambiwa hakuna konokono aliyekufa. Mke wa mchongaji, aliyesoma kurasa tano tano akinyonyesha mapacha, aliacha kuja kabisa. Alisema ubongo wake umeharibika kwa uzazi. Hapo Mama Gundi alisita. Huyo hakuwa na kosa. Alimtumia ujumbe kupitia mkutubi: njoo Jumamosi ya mwisho, uje na kitabu chako.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa ameandika hukumu yake, kurasa nane, iwekwe kwenye faili la maktaba. Alipofika mahali pa kusema kwamba konokono hakimu ni alama ya umilele kwa kuwa hafi, nesi alishindwa.

"Anakufa, Mwalimu."

"Hafi."

"Anakufa. Ukurasa wa mia tatu hamsini na nne. Anakanyagwa na padri."

Karani wa posta, ambaye hajawahi kukubaliana na nesi hata juu ya saa, akafunua chake. "Mia tatu hamsini na nne. Kakanyagwa. Nilifurahi sana."

Fundi umeme akainua chake. Mke wa mchongaji, pacha mmoja begani, akainua chake.

Mwenyekiti alifunua. Mia tatu hamsini na tatu. Akageuza. Mia tatu hamsini na sita. Akarudi. Akalamba kidole, akageuza tena. Shingo yake ikabadilika rangi. Na hapo, badala ya kusema sijui, neno dogo ambalo halijamvunja mtu jino, alitazama kwenye pazia.

"Kurasa zimeng'olewa. Nimepewa kitabu kilichoibiwa! Muulizeni yule anayeshinda na visu huko nyuma. Ameiba."

Hamsini na moja. Miaka hamsini na moja, na neno lilikuwa lilelile, kwa sauti ileile.

Pazia likafunguka. Mama Gundi alitoka anafuta mikono, kidole kimoja kimoja, hana haraka.

"Mwalimu, simama."

"Nini?"

"Simama. Mshitakiwa husimama. Ulinifundisha wewe."

Hatujui, walisema baadaye, ilikuwa ni nini katika sauti ile, lakini alisimama. Mama Gundi alikichukua kitabu, akakishika juu watu wote waone, akaingiza kisu cha mfupa kwenye mfuko ule. Karatasi ililia, kraa, taratibu. Akafunua.

"Mia tatu hamsini na nne. Soma."

Mwenyekiti alirudisha macho kwenye karatasi zake nane.

"Basi nitakusaidia. 'Padri hakumwona hakimu.' Umesikia? Yumo. Alikuwemo siku zote. Hakuna kilichoibwa, Mwalimu. Hukufungua."

"Vitabu vya Kijapani..." Mwenyekiti alianza, jasho limempanda. "Wajapani hukunja karatasi namna hiyo. Ni desturi yao. Nimesoma mahali."

"Mwalimu," alisema mkutubi kwa upole ulioumiza kuliko kofi, "kimechapwa hapa, nyuma ya soko."

Alianza nesi kucheka. Kicheko cha chini, kikapanda, kikamchukua karani wa posta, kikawachukua wote, hata pacha. Mke wa mchongaji alikuwa anacheka na kulia. "Kumbe si mimi! Jamani, kumbe si mimi!"

Mwenyekiti aliokota zile karatasi zake nane akatoka. Hakuna aliyemsindikiza.

Mngedhani imetosha. Mdogo wake alidhani imetosha. Mama Gundi hakukata ukurasa mwingine hata mmoja wa nakala ile. Aliivika jalada gumu la kitambaa cheusi, akaiweka kwenye meza ya mlangoni ambako vitabu vipya huwekwa, na karatasi ndogo mbele yake kwa mwandiko wake mnyoofu wa darasa la saba: Nakala ya Mwenyekiti. Tafadhali tazama kingo. Watu wakatazama kingo. Watoto wa shule wakapanga foleni kuingiza vidole kwenye mifuko. Mitaani Mwenyekiti akapata jina, Bwana Mapengo, na muuza magazeti akawa anamuuliza kama amkunjie.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, alikuja. Hakupenyeza mkono; alibisha kwenye kabati.

"Hodi, mama."

"Karibu. Pazia halina kufuli."

Alisimama na kofia mkononi. "Nimekuja tuyamalize. Kile kitabu kiondoe pale. Nilikukosea mbele za watu, nasema samahani."

"Ulinikosea lini?"

"Ile Jumamosi."

"Si hiyo."

Akamtazama, safari hii akamtazama kweli, kilemba, macho, vidole. Hakuona kitu. Mama Gundi aliinama chini ya meza, akatoa mkebe wa biskuti, akaweka insha mbele yake. Wino mwekundu ulikuwa umefifia ukawa kama kutu, lakini ulisomeka. Mwandiko wa mtu haumwachi.

"Mtoto wa dobi," alisema mzee polepole.

"Huyo."

"Mama, hayo ni ya zamani. Nilikuwa kijana."

"Nami nilikuwa mtoto. Shika." Alimpa kisu cha mfupa. "Kuna kurasa mbili humo hujazisoma. Wanga wa mama yangu bado umezishika. Fungua mwenyewe."

Kisu kiliteleza mara mbili kabla ya wanga kuachia. Alisoma amesimama. Alisoma yote, akarudia, akavua miwani akaifuta kwa kofia.

"Ni nzuri," alisema.

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Ya nani?"

"Yako."

"Sema yote."

"Uliandika wewe. Hukuiba. Nilisoma mwanzo na mwisho, nikaona jina la mtoto wa dobi, nikaamua." Alikiweka kisu mezani. "Nisamehe, mama. Tuko wawili tu hapa, nakwambia kwa moyo wangu wote, nisamehe."

Mama Gundi alitikisa kichwa. "Uliponiaibisha tulikuwa wawili? Tulikuwa arobaini na watano. Radhi ya chumbani siitaki."

Kila kitabu cha maktaba ile kilikuwa na karatasi ya maoni, imebandikwa ndani ya jalada la nyuma, wasomaji waandike mstari mmoja wakimaliza. Alimletea ile nakala nyeusi, akaifunua mwisho, akamwekea kalamu. Nyekundu. Aliinunua kwa kazi hiyo miaka mingi iliyopita na kila mwaka aliijaribu kama bado inaandika.

Mzee aliandika. Ilimchukua muda, kwa mtu aliyekuwa akiandika kurasa nane bila kupumua. Mama Gundi alisoma neno kwa neno, akamrudisha aongeze mwaka na jina la shule, mzee akaweka sahihi. Kisha akapaka gundi kingo za karatasi ile kwa mara ya pili, akakitia kitabu kwenye kibanio, akakaza mpaka chuma kikalia.

"Ikikauka," alisema, "ukitaka kuibandua utatoka nayo na jalada."

"Basi sasa umenisamehe?"

Alikuwa ameshavuta kitabu kingine, ensaiklopidia iliyovunjika shingo, akainusa.

"Nimekusikia, Mwalimu. Ukitoka, rudisha pazia."

Tofali likarudi rafuni, kurasa zake zote zimekatwa sasa, na watu wakaendelea kuliazima na kugombana. Kwenye karatasi ya maoni ya nakala nyeusi utakuta mmoja ameandika kwamba hajawahi kusoma kitu kizuri hivi, wa chini yake kwamba angependa kurudishiwa miezi yake miwili, fundi umeme kwamba ameelewa. Na juu yao wote, kwa wino mwekundu, na mwaka, jina la shule na sahihi chini yake, mstari ambao hakuna msomaji aliyeuruka: Kitabu hiki nilisoma nusu nikakihukumu kizima. Na insha ya mtoto wa dobi, darasa la saba, nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho nikamwita mwizi. Aliandika mwenyewe. Mimi ndiye niliyeiba.